Kuomba ruzuku ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ukiwa Afrika Mashariki: hatua kwa hatua

Kila tangazo jipya likitoka, meseji zinaanza kuingia. "Sisi wa vyuo vya huku tunaruhusiwa?" "Lazima niwe na mshirika Mmarekani?" "Nikipokea hela hizo si nitaambiwa nitengeneze bomu?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa WhatsApp, na mara moja nimejibu nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Leo naandika, na wewe ukiulizwa umpe mwenzako asome.

Kwa kifupi: matangazo mengi ya utafiti wa msingi yanapokea maombi ya vyuo vya nje ya Marekani. Mshirika Mmarekani anasaidia, ila si kila tangazo linamtaka. Na hakuna wa kukuagiza bomu, kwani wanacholipia huku ni hisabati, fizikia, kemia ya vifaa, bahari, anga ya juu, magonjwa. Mimi ni mtu wa ofisi ya utafiti, si mwanasayansi, na nikuambie nilichokiona: watu wetu hawaangushwi na sayansi, wanaangushwa na usajili. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu fomu ambazo hakuna profesa anayependa kuzigusa.

Wanaotoa fedha ni nani

Wizara yenyewe haina dirisha moja. Kila jeshi lina ofisi yake ya sayansi. ONR ni ya jeshi la majini, ilianzishwa 1946. AFOSR ni ya jeshi la anga, tangu 1951. ARO ni ya jeshi la nchi kavu. DARPA, iliyozaliwa 1958 baada ya Warusi kurusha Sputnik, inapenda mambo makubwa yenye hatari ya kushindwa. Kwa tiba kuna CDMRP, mipango inayopewa fedha na Bunge lao tangu 1992.

Kwa mtu wa huku milango ya karibu ni miwili, yote iko London: EOARD, ambayo ni tawi la AFOSR linaloshughulikia Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, na ONR Global. Wala usidhani utakuwa wa kwanza. Madaktari wa jeshi la Marekani wamefanya kazi Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, baadaye pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na malaria ya Kisumu wanaijua. Maabara ya jeshi la anga nayo iliweka vipokezi vya mtandao wa SCINDA sehemu mbalimbali za ikweta, Nairobi ikiwemo, kupima jinsi ionosfea, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, inavyovuruga ishara za GPS jua likishatua.

Jambo moja la jina: tangu Septemba 2025 utakuta baadhi ya nyaraka zimeandikwa "Wizara ya Vita". Ni wizara ile ile, usidhani umepotea njia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Taasisi. Ruzuku hizi zinapewa chuo au kituo chenye usajili wa kisheria, ambacho ndicho kinachosaini na kubeba dhamana ya fedha. Wewe unakuwa mtafiti mkuu.
- Hati ya usajili wa taasisi inayoonyesha jina kamili la kisheria na anwani ya mahali ilipo. Kama ni ya Kiswahili, tafuta tafsiri rasmi ya Kiingereza mapema.
- Anwani ya jengo. S.L.P. haitoshi. Nitalirudia hili.
- Mtu mmoja wa utawala mwenye barua pepe ya taasisi, asiyetegemewa kuhama kesho.
- Mhasibu aliye tayari kutunza hesabu za mradi peke yake, bila kuzichanganya na kapu la chuo.
- Miezi. Kuanzia sifuri mpaka kubonyeza "tuma", usijipe chini ya miezi mitatu.

Hatua

1. Chagua tangazo, na uanze kusoma sehemu ya wanaostahili.

Matangazo yako kwenye Grants.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya ruzuku. Yale ya jumla, kama la AFOSR linaloorodhesha maeneo yao ya sayansi, hukaa wazi mpaka yabadilishwe na jipya, na hayo ndiyo yanayokufaa. Watu huvutiwa na majina makubwa bila kusoma: MURI (ya timu za utafiti) na DURIP (ya vifaa vya utafiti) ni kwa vyuo vya Marekani, na YIP (ya watafiti chipukizi) inataka mtafiti awe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu. Nimemwona kijana akikesha wiki mbili kwa andiko la YIP.

Angalia pia namba ya aina ya utafiti. Wao huita 6.1 utafiti wa msingi, 6.2 utafiti wa matumizi, 6.3 uendelezaji wa teknolojia. Wewe lenga 6.1. Ukipanda juu ya hapo unaingia kwenye sheria zao za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia, na huko mgeni ana nafasi finyu.

Wenzangu wa sayansi za jamii, pole. Mpango wa Minerva, ulioanza 2008 na uliogharamia tafiti za migogoro na misimamo mikali, ulifungwa 2025. Atakayekuambia uandike kwa Minerva anasoma kitu cha zamani.

2. Omba namba ya NCAGE, siku hiyo hiyo uliyochagua tangazo.

Hii ni namba ya kuitambulisha taasisi, ya herufi na tarakimu tano, inayotolewa kupitia NSPA, wakala wa ugavi wa NATO. Ni bure. Wale mliowahi kupata ruzuku ya ubalozi mtasema, "Sisi hatukuidai hiyo." Ni kweli. Taasisi ya nje isiyofanya kazi na Wizara ya Ulinzi ilishaondolewa sharti hilo, lakini ruzuku ya Wizara ya Ulinzi bado inalitaka. Hapa ndipo wenye uzoefu wanaponaswa, kwa sababu wanajua njia ya zamani.

Sasa anwani. Vyuo vyetu vinajitambulisha kwa S.L.P., kila barua, kila muhuri. Mfumo unataka mahali: mtaa, namba ya jengo, postikodi. Kwa Tanzania, tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, mtaa wenu una jina na jengo lina namba, kwa hiyo nenda ofisi ya kata kama hamjui yenu. Kwa Kenya andika jina la barabara na jengo, na postikodi yake.

Onyo: andika jina na anwani kwenye faili moja, kisha ukizihitaji nakili kutoka hapo tu. Jina likiwa na "The" hapa na lisiwe nayo kule, au "Rd" hapa na "Road" kule, mifumo haitakubali kuwa ni taasisi moja. Chuo kimoja nilichokisaidia kilipoteza wiki saba kwa nukta moja baada ya neno "St".

3. Jisajili SAM.gov upate UEI.

SAM.gov ni sajili ya serikali yao ya taasisi zinazotaka fedha zake, na UEI ni utambulisho wa herufi na tarakimu 12 unaopewa humo. Ulichukua nafasi ya namba ya DUNS Aprili 2022, kwa hiyo mwongozo wowote unaokutuma kutafuta DUNS, ufunge. Utaingia kwa akaunti ya Login.gov, ambayo hutaka uthibitisho wa pili, kama wa simu. Tumia simu ya mtu wa utawala, si ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayeondoka Agosti.

Watalinganisha jina na anwani na zile za NCAGE, watadai hati, watakuuliza maswali mengi. Chagua usajili wa ruzuku tu kama hamna mpango wa kuuza bidhaa kwa serikali yao, maana ni mfupi zaidi. Na usajili huisha kila baada ya siku 365. Weka kwenye kalenda ya watu wawili.

Onyo kubwa: NCAGE, UEI, SAM, Grants.gov, vyote ni bure. Mkishajisajili tu, barua pepe zitaanza kumiminika zikidai dola mia kadhaa "kukamilisha usajili". Zina nembo, zina tai wa Marekani, zina haraka. Futa.

4. Jisajili Grants.gov.

UEI ikishapatikana, hii ni nyepesi. Kumbuka tu kwamba lazima taasisi imteue rasmi mtu mwenye mamlaka ya kutuma maombi. Mtafiti akitayarisha kila kitu na asiyeruhusiwa akabonyeza, ombi haliendi.

5. Andika andiko dhana na uzungumze na afisa wa programu.

Andiko dhana ni muhtasari mfupi wa wazo lako, kabla ya andiko kamili. Wakati usajili unasota, fanya kazi hii. Haihitaji SAM, inahitaji barua pepe tu.

Kwa utamaduni wetu, kumwandikia mtoa fedha kabla ya kuomba kunaonekana kama kutafuta upendeleo. Kwao ni kinyume. Afisa wa programu ni mwanasayansi mwenye fungu na maeneo anayoyajenga, na kazi yake ni kuzungumza na watu kama wewe. Jina na barua pepe yake viko ndani ya tangazo. Andiko kamili lililotumwa bila kuongea naye ni kama kupeleka posa kwenye nyumba usiyoijua ina binti au haina.

Barua ya kwanza iwe fupi. Acha shahada zako zote na salamu za uongozi wa chuo. Aya ya kwanza: tatizo la sayansi. Ya pili: unachokijua wewe ambacho wengine hawana, kwa mfano data ya miaka kumi, au mahali. Mahali ni mtaji mkubwa kuliko tunavyofikiri. Mtu wa Ohio hana ikweta juu ya paa lake, wala hana mkondo wa Somalia unaogeuka kila kaskazi na kusi zinapopokezana. Aya ya tatu: swali, "Je, hili linaendana na programu yako, nikutumie andiko dhana?"

Akisema ndiyo, andiko dhana lenyewe lijibu maswali ambayo George Heilmeier, aliyeongoza DARPA 1975 hadi 1977, aliwaachia. Kwa maneno yangu: unataka kufanya nini, bila istilahi? Leo kinafanywaje, na kinakwamia wapi? Kipya chako ni kipi, na kwa nini unadhani kitafaulu? Nani atajali? Ukifaulu nini kitabadilika? Hatari ni zipi? Bei gani? Muda gani? Katikati ya safari tutajuaje kwamba unakwenda? Wasomi wetu wengi hukwama kwenye swali la kwanza, lile la "bila istilahi". Msomee shemeji yako. Akisinzia, andika upya.

Kosa la kawaida: kujipaka rangi ya kijeshi. Mtu anasoma mbu miaka yote, ghafla andiko lake limejaa "tishio" na "uwanja wa vita". Afisa anataka sayansi nzuri, uhusiano na jeshi ataueleza yeye kwa wakubwa wake.

Kama bado hamjuani, ziko njia ndogo za kufahamiana. EOARD ina mpango wa Window on Science unaogharamia safari za watafiti kwenda kuzungumza na wenzao wa maabara za jeshi la anga, na ONR Global husaidia warsha na safari za watafiti. Fedha ni kidogo, lakini mlango unafunguka.

6. Shughulikia vibali vya nyumbani na uwaambie wahusika fedha ni za nani.

Kibali cha utafiti: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Utafiti wa afya Tanzania una pia NIMR. Ukigusa binadamu, kamati ya maadili ya kwenu haitoshi, kwa sababu Wizara ya Ulinzi ina mapitio yake ya pili, na huruhusiwi kumgusa mshiriki hata mmoja kabla hayajakamilika. Panga ratiba ukijua hivyo.

Fomu ya ridhaa lazima iseme kwamba mfadhili ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kwamba wawakilishi wake wanaweza kukagua kumbukumbu za utafiti. Ni sharti lao. Hata lisingekuwa sharti, ningekuambia uliandike kwa herufi kubwa. Neno "jeshi la Marekani" lina uzito wake pwani na kwingineko, na mzee wa mtaa akilisikia kutoka kwa mwingine baada ya wewe kuchukua damu ya wajukuu zake, utafiti wako umekwisha, na wa watakaokufuata pia. Mkuu wa idara yako naye ajue mapema.

7. Tengeneza bajeti ambayo mgeni ataielewa.

Mambo manne yanayotusumbua:

Posho ya kikao haitaeleweka. Kwao gharama lazima iwe ya lazima, ya kiasi, na ifuate sera ya taasisi iliyoandikwa. Posho ya safari yenye viwango vya chuo inapita, ila bahasha ya kuhudhuria mkutano ofisini kwako haipiti.

Gharama za uendeshaji za chuo. Kama hamna kiwango mlichokubaliana na serikali yao, kanuni za 2 CFR 200 zinaruhusu hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zilizorekebishwa, tangu Oktoba 2024. Zamani ilikuwa 10. "Zilizorekebishwa" maana yake vifaa vikubwa vinatolewa kwanza kabla ya kupiga hesabu, na mhasibu akisahau hilo jumla haitakaa sawa.

Huawei, ZTE, Hikvision, Dahua, Hytera. Fedha ya ruzuku hairuhusiwi kununua vifaa vya mawasiliano na kamera vya kampuni hizi. Ruta ya chuo iliyopo tayari si kesi yako, ila usiiweke mpya kwenye bajeti. Orodha ya bei ya duka la mjini imejaa majina hayo, kwa hiyo soma nukuu kabla ya kuambatanisha.

Tiketi za ndege. Kuna sheria inayopendelea mashirika ya Kimarekani, yenye misamaha. Uliza kabla ya kukata.

8. Jaza andiko kamili, na usifiche kitu.

Fomu kuu ni SF-424 ya utafiti pamoja na viambatanisho vyake: bajeti, wasifu, na taarifa ya misaada mingine uliyonayo au unayoisubiri. Hiyo ya mwisho iheshimu. Wengi wetu tumesoma China, au tuna maabara iliyofadhiliwa na chuo cha huko. Kusoma huko si kosa. Kuficha mkataba ulio hai ndiyo kosa, na wanakagua: tangu 2023 miradi ya utafiti wa msingi inapitia tathmini ya hatari za kiusalama. Taja kila kitu, hata kile unachodhani hakina maana.

Soma pia masharti ya kuchapisha. Utafiti wa msingi, kwa msimamo wa serikali yao wa tangu 1985, matokeo yake hubaki wazi. Ukikuta kifungu kinachosema lazima uombe ruhusa kabla ya kuchapisha, usisaini. Mpelekee mwanasheria wa chuo kwanza.

9. Tuma siku tano kabla.

Saa za mwisho huwa ni za Washington. Saa 11 jioni ya kule ni saa 6 usiku huku wakati wa kiangazi chao, na saa 7 usiku kuanzia Novemba hadi Machi. Zaidi ya mmoja amesoma "5:00" akaelewa saa tano. Siku tano zinakupa nafasi ya kurekebisha, kwa sababu kupokelewa na Grants.gov ni jambo moja na kukubaliwa baada ya ukaguzi wa faili ni jingine. Subiri barua pepe ya pili.

10. Ukipata.

Malipo ya ruzuku nyingi huombwa kupitia WAWF, ndani ya mfumo wa PIEE. Ni usajili mwingine, ndiyo. Kuna ripoti za kazi, na za fedha kwa fomu SF-425, na kila chapisho lazima litaje mfadhili na namba ya ruzuku.

Mambo yakikwama

NCAGE imekataliwa au kimya. Mara nyingi ni S.L.P. kwenye sehemu ya anwani ya mahali. Rekebisha, tuma tena, usifungue ombi la pili sambamba, maana utajikuta na rekodi mbili za taasisi moja na hapo ndipo balaa.

SAM imekataa hati. Angalia kama jina na anwani viko kwenye hati moja. Bili ya umeme yenye jina la chuo inaweza kuokoa pale cheti cha usajili kinapoonyesha sanduku la posta pekee.

Aliyesajili kahama na simu yake. Itabidi taasisi itume barua rasmi ya kumteua msimamizi mpya, kisha isubiri. Ndiyo sababu nilisema watu wawili.

Grants.gov inatoa kosa la UEI. Ile uliyojaza kwenye fomu haifanani na iliyo SAM, au usajili wa SAM umekwisha muda. Likiwa kosa la faili, fupisha jina la faili lisizidi herufi 50, ondoa alama za ajabu, na uhakikishe ni PDF ya kawaida.

Afisa hajibu. Ngoja wiki mbili, mkumbushe kwa sentensi mbili. Akinyamaza tena, huenda eneo lako si lake, soma tangazo upya utafute jirani yake. Usimtumie barua ile ile maafisa kumi kwa mpigo. Wanakaa korido moja.

Umekataliwa. Mwandikie afisa umwombe maoni ya wapitiaji, na muulize swali moja: nikirekebisha haya, nilete tena? Akisema ndiyo, ameshakupa hatua ya 5 bure, na safari hii usajili wako uko tayari, mradi siku 365 hazijapita.